Wati Zisome Mwisho: Kuoanisha Spika na Amplifaya Nyumbani

Amplifaya yangu ya kwanza ya maana iliishi kama sekunde nne. Niliikuta kwenye vitu vya mtumba hapa Mwanza: mashine nzito ya Kijapani, uso wa rangi ya fedha, volyumu inateleza kidoleni kama imepakwa siagi. Nilipanda nayo bodaboda mpaka Nyegezi nimeipakata kama mtoto mchanga. Kufika nikaichomeka. Taa yake ikawaka, ikazidi kung'aa, halafu "pu!", na harufu ya transfoma iliyoungua ikalala chumbani mpaka kesho yake.

Fundi wangu, mzee mmoja wa Igoma, aliifungua, akainusa, akaifuta vumbi mgongoni kwa kidole gumba. Chini ya vumbi kulikuwa na maandishi madogo: AC 100V. "Mwanangu," akaniambia, "wewe ulisoma wati. Volti hukusoma."

Kwao Japani umeme wa nyumbani ni volti 100. Wetu ni 230. Vitu vingi vizuri vya mtumba vinatoka huko, na vilivyotoka Marekani ni vya volti 120. Si kwamba usivinunue. Mimi mpaka leo natumia cha Japani. Lakini unakinunulia na transfoma ya kushusha umeme, tena yenye uwezo unaozidi kile kinachokula amplifaya. Amplifaya imeandikwa kwamba inakula wati 200? Transfoma iwe ya 300 hivi au zaidi. Na plagi yake uibandike utepe mwekundu, maana siku moja atakuja shemeji anayejua kila kitu, ataichomoa kwenye transfoma na kuipeleka moja kwa moja ukutani.

Baada ya volti zinakuja omu (ukinzani wa spika), kisha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti), na wati ndizo za mwisho. Dukani utaoneshwa wati kwanza kwa sababu ndiyo namba kubwa. Twende kwa mpangilio wetu.

Anza na spika, pesa nyingi iende huko

Kama mfuko una laki tano, mimi ningeweka laki tatu kwenye spika. Amplifaya mbili nzuri za kawaida zikifungwa spika ileile ni kazi kuzitofautisha kwa sikio, lakini spika mbili tofauti hata bibi aliyeko jikoni atakwambia hii ni hii na ile ni ile. Tena amplifaya inachaguliwa kwa kufuata spika. Ukianza nayo, utajikuta unaitafutia spika za kuivumilia.

Ukubwa ufuate chumba. Sebule nyingi za kupanga, kuanzia Mabatini mpaka Buhongwa, zina futi kumi na mbili kwa kumi na mbili, labda kumi na nne. Humo koni ya besi ya inchi tano mpaka nane inatosha kabisa. Ukiingiza boksi la inchi kumi na tano utapata besi ya kutikisa vyombo kabatini, na maneno ya mwimbaji hutayasikia.

Za mtumba zikague hivi. Ondoa kitambaa cha mbele, gusa ule ukingo laini unaoshika koni. Kama ni wa sponji na unabonyea kama keki ya jana, au vumbi jeusi linabaki kidoleni, umeoza. Sponji huoza kwa umri hata kama spika haikupigwa. Ukingo unabadilishwa, lakini bei ishuke. Wa raba hudumu zaidi. Kisha weka vidole vinne kuzunguka katikati ya koni, uisukume ndani polepole, sawasawa pande zote. Iende kimya. Ukisikia mkwaruzo kama mchanga kwenye karatasi, koili inagusa sumaku; rudisha, sema asante, ondoka. Twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, usiibonyeze, hasa yenye kuba laini: ikibonyea hairudi vizuri.

Beba mita ya kupimia omu na volti. Hata ile ya bei ndogo inatosha. Ipime spika kwenye vishikio vyake, pale panapofungwa waya: ya omu 8 itasoma karibu na 6, ya omu 4 itasoma 3 na kitu. Usishtuke kwamba namba ni ndogo kuliko kibandiko. Mita inapima waya wa koili ukiwa umetulia, na muziki unakutana na ukinzani unaopanda na kushuka kulingana na noti. Ikisoma sifuri kuna shoti. Isiposoma kitu kabisa, koili imekatika au kuna waya umeachia ndani. Pima zote mbili. Zikitofautiana sana, moja imeshabadilishwa koili, na spika zisizo mapacha hazikupi muziki uliosimama katikati.

Omu: hapa ndipo amplifaya zinapofia

Omu za spika ni kipimo cha jinsi inavyoubana umeme wa amplifaya. Namba ikiwa kubwa, inabana zaidi na amplifaya inafanya kazi nyepesi. Ikiwa ndogo, umeme unamiminika na amplifaya inatoka jasho.

Tuweke namba. Chukua amplifaya inayosukuma volti 20 kwenda kwenye spika. Spika ikiwa ya omu 8 zinapita ampea 2.5, na hizo ni wati 50. Funga ya omu 4, volyumu usiiguse: ampea zinakuwa 5, wati 100. Omu 2? Ampea 10, wati 200, kwenye karatasi. Kwa kweli amplifaya ya nyumbani haifiki huko. Inapata moto, ile rilei ya ulinzi inalia "tak" na sauti inakatika, au kama haina ulinzi transista zinaungua. Na transista ikiungua vibaya humwaga umeme wa moja kwa moja (DC, kama wa betri) kwenye spika, zinaungua zote.

Kwa hiyo geuza amplifaya usome pale pa kufungia spika. Ikiandikwa 4–16, inabeba karibu kila spika ya nyumbani. Ikiandikwa 6–16 au 8 tu, usiifunge spika ya omu 4 ukategemea bahati, hasa mwezi wa tisa na wa kumi joto linapokuwa limekaa juu ya bati. Kwenda kinyume hakuna hatari: amplifaya ya omu 4 ikifungwa spika ya omu 8 inapumua tu, ila wati zinapungua.

Kosa ninalolikuta zaidi si spika yenyewe, ni kuongeza spika. Jirani yangu mmoja alikuwa na mbili za omu 8, mambo safi. Sikukuu ilipokaribia akaongeza nyingine mbili kila upande, zote akazifunga kwenye vishikio vilevile, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Spika mbili za omu 8 zikifungwa hivyo zinakuwa omu 4. Tatu zinakuwa chini ya 2.7. Akawa analalamika amplifaya "inazimika ikinogewa". Haikunogewa, ilikuwa inajiokoa. Ukitaka spika mbili upande mmoja na amplifaya haitaki kushuka, zifunge kwa mfuatano: chanya ya amplifaya kwenye chanya ya spika ya kwanza, hasi yake kwenye chanya ya pili, hasi ya pili irudi kwenye amplifaya. Hapo 8 na 8 ni 16, salama, sauti imepungua kidogo. Zikiwa nne, mbili-mbili kwa mfuatano kisha jozi hizo pamoja, unarudi kwenye 8 ileile.

Ile swichi ya A na B mbele ya amplifaya nayo ni mtego. Ukiwasha A+B kwenye amplifaya nyingi, spika zote zinaingia pamoja na omu zinagawanyika. Ndiyo maana nyuma huandikwa kwamba ukitumia zote mbili, kila spika iwe angalau ya omu 8, na nyingine hudai hata 12 au 16.

Desibeli: namba ndogo yenye siri kubwa

Kwenye karatasi ya spika kuna kitu kinaitwa sensitiviti, mathalani 87 dB. Maana yake: ukiipa spika volti 2.83, ambazo kwa spika ya omu 8 ni wati 1 kamili, ukakaa mita moja mbele yake, utapata sauti ya desibeli 87. Spika ya omu 4 kwa volti hizohizo inakula wati 2, kwa hiyo namba yake inaonekana nzuri kuliko ilivyo. Itoe desibeli 3 ndipo ulinganishe.

Sasa sheria ya desibeli ni ya kikatili: kuongeza 3 tu, lazima wati ziwe mara mbili. Kuongeza 10, ambazo sikio linahesabu kama sauti kuwa kubwa maradufu, wati ziwe mara kumi.

Tuseme umekaa kochini mita tatu kutoka kwenye spika. Ndani ya sebule umepoteza kama desibeli 6, na kwa kuwa spika ni mbili unarudishiwa 3. Spika ya 87, kwa wati moja moja, inakufikia na 84. Kwa maongezi na taarifa ya habari hiyo ni kelele tayari. Lakini muziki una vilele. Ngoma ya bugobogobo iliyorekodiwa vizuri, fimbo inapotua kwenye ngozi, inaruka ghafla juu ya sauti ya waimbaji. Ukitaka kilele hicho kikufikie na desibeli 100, unahitaji 16 zaidi, nazo ni wati 40 kila upande.

Badilisha spika iwe ya 92: hesabu ileile inakupa wati 13. Ya 83, vile viboksi vidogo vizuri vya Kiingereza vinavyopendwa na watu wa kusikiliza: wati 100. Amplifaya moja inaweza kuwa nyingi kwa spika hii na haitoshi kwa ile, ingawa spika zote mbili zimeandikwa "wati 80" mgongoni. Ukinunua amplifaya ndogo, tafuta spika za 90 kwenda juu.

Sasa wati

Duka moja mjini kijana alinielekeza kwenye redio inayowakawaka taa.

"Kaka, hii ni wati elfu tatu."

"Geuza nyuma tuone."

Nyuma, kwenye kibati kidogo karibu na waya wa umeme: matumizi ya umeme, wati 60. Kitu kinachovuta wati 60 ukutani hakiwezi kutoa elfu tatu kwenye spika. Hata hamsini haitoi kwa muda mrefu, kwa sababu sehemu inapotea kuwa joto. Ile elfu tatu huandikwa PMPO, na haina kanuni yoyote ya kupimia. Wewe tafuta neno RMS, yaani wati za kutolewa mfululizo, na iwe imetajwa na omu zake: wati 50 RMS kwa omu 8. Wati bila omu ni bei bila kusema ya kilo ngapi.

Vipi kuhusu amplifaya kulingana na spika? Spika ikiandikwa inabeba wati 80, amplifaya ya kati ya 60 na 120 RMS ni ndoa nzuri. Wengi huogopa amplifaya kubwa kuliko spika. Mimi naogopa zaidi ndogo inayolazimishwa. Amplifaya ikifika mwisho wa volti zake, vilele vya wimbi hukatwa bapa. Wimbi lililokatwa linabeba nguvu zaidi ya lile safi, na sehemu ya nguvu ile ya ziada ni ya sauti za juu, inakwenda kwa twita. Twita ina koili nyembamba, inabeba wati chache tu. Ndivyo wati 20 zinavyoweza kuua twita ya spika ya wati 100. Dalili utaisikia: matoazi yanakuwa kama mabati yanayoburutwa, sauti ya mwimbaji inakwaruza. Punguza hapohapo.

Na usiamini volyumu kwa macho. Nusu ya mzunguko si nusu ya nguvu. Chanzo kikileta mawimbi makubwa, amplifaya inaweza kuwa imefika mwisho kabla volyumu haijafika katikati.

Neno kwa walio Ukerewe, Kome na visiwa vingine wanaotumia sola, na kwa wote walionunua vile viamplifaya vidogo vya Kichina vya ukubwa wa kiganja. Kimeandikwa 100W + 100W? Uliza kinalishwa volti ngapi. Kwa betri ya volti 12, hata kikiwa kizuri namna gani, hakipiti wati 9 kwa spika ya omu 8, au 18 kwa omu 4. Ukilisha volti 24, kwa omu 8 dari yake ni 36. Hayo ni maumbile ya volti. Hivyo kwenye sola ya volti 12, chukua spika za omu 4 zenye sensitiviti ya juu, na utashangaa wati chache zinavyocheza. Ila viamplifaya hivyo usiunganishe hasi ya kushoto na hasi ya kulia popote: kwa vingi vyake hasi nayo inasukuma umeme, si mahali pa kurudia tu.

Waya

Sipotezi muda na waya za bei ya kiwanja. Shaba ya milimita 1.5 mraba kwa sebule, 2.5 kama spika ziko mbali. Hesabu ni hii: spika ikiwa mita 10, umeme unasafiri mita 20 kwenda na kurudi. Waya wa 0.75 hapo una karibu omu 0.46, na unatakiwa usizidi sehemu moja ya ishirini ya omu za spika, yaani 0.4 kwa spika ya 8. Wa 2.5 una 0.14 tu.

Kinachosumbua ni waya wa aluminiamu uliopakwa shaba. Kwa nje ni mwekundu mzuri. Menya kidogo, chukua uzi mmoja, ukwangue kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni aluminiamu, na ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba. Unafaa kama utaununua mnene zaidi na kwa bei yake, si kwa bei ya shaba.

Siku ya kufunga

Amplifaya ya mtumba usiiwashe mara ya kwanza moja kwa moja. Mpe fundi aiwashe kwa kupitia balbu ya zamani ya wati 60 au 100, ile ya uzi, si ya LED, iliyofungwa kwa mfuatano kwenye waya wa umeme. Balbu ikimulika mara moja kisha ikafifia, salama. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti ndani, na ni balbu iliyobeba balaa. Yangu ya volti 100 ingeokoka kwa balbu hiyo.

Kisha, spika zikiwa bado hazijafungwa na volyumu iko chini kabisa, weka mita kwenye kipimo cha volti za DC na upime vishikio vya spika nyuma ya amplifaya, kulia na kushoto. Chini ya milivolti 50, endelea. Zaidi ya 100, fundi aiangalie. Ukisoma volti nzima, hiyo mashine ingeunguza koili zako mchana kweupe.

Zima, chomoa, ndipo ufunge. Menya waya kama sentimita moja, usokote nyuzi zote kwa vidole mpaka zishikamane, uangalie hakuna uzi mmoja uliochomoza kwenda kugusa kishikio cha jirani. Uzi mmoja tu unatosha kuleta shoti. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Kama spika ya zamani imefutika alama, chukua betri ya volti 1.5, gusisha waya zake mara moja tu: koni ikitoka nje, upande uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Ukikosea upande mmoja hakuna kitakachoungua, lakini koni moja itasukuma wakati nyingine inavuta, besi itapotea na mwimbaji atakuwa hayuko popote.

Spika zisikae sakafuni wala kwenye kona. Twita iwe usawa wa masikio ukiwa umekaa. Umbali kati ya spika mbili ukaribiane na umbali wako kwenda kwao. Boksi lenye tundu nyuma liache ukuta kwa sentimita 20 au 30. Nyumba yenye vigae, jipsamu na madirisha makubwa bila pazia itapiga mwangwi hata kwa spika za milioni. Zulia na pazia zito kwanza, ndipo ulaumu amplifaya.

Amplifaya nayo iachiwe nafasi juu ya tundu zake. Usiweke kitambaa cha kufuma juu yake, hata kama mama mwenye nyumba amekupa zawadi. Walio karibu na ziwa, kuanzia Kirumba na Igogo, mnawajua wale wadudu wanaokuja kwa mawingu kufuata taa: wanaingia humo wanafia. Kila baada ya miezi michache chomoa, piga brashi kavu. Dhoruba za ziwani zinapenda usiku mpaka alfajiri, kwa hiyo kabla ya kulala chomoa plagi ukutani na waya wa antena. Swichi peke yake haizuii radi.

Washa sasa. Volyumu chini, weka wimbo unaoujua mpaka pumzi za mwimbaji, pandisha taratibu. Baada ya nusu saa weka kiganja juu ya amplifaya. Ukiweza kukiacha hapo ukihesabu mpaka kumi, mmepatana. Ukikitoa kwenye tatu, rudi ukasome omu.